Jioni Tuliyotafuta Mwezi Kinamasini

Taarifa ya kifo cha Mzee Haji ilinikuta Haltom City, pembeni ya Fort Worth, jikoni kwangu, mbele ya kikombe cha chai kilichokwisha poa. Nilikuwa nimerudi jana yake kutoka safari ya Oklahoma na lori bado lilikuwa na vumbi la huko. Ujumbe ulitoka kwenye namba nisiyoijua, lakini chini yake kulikuwa na jina, Nassor, mtoto wa marehemu: Mzee katutoka alfajiri, maziko ni leo, khitma ni Jumamosi nyumbani kwangu Katy, mama anakuulizia. Maneno yale mawili ya mwisho niliyasoma mara nyingi kuliko habari yenyewe ya kifo. Kwa karibu miaka ishirini nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba Bi Salma, mama yake huyo, hawezi kuniulizia. Nilihama Houston na imani hiyo, nikaenda nayo Memphis, nikaenda nayo Omaha kwenye theluji, nikarudi nayo Texas, Fort Worth. Miji nimeibadilisha kama mtu anayegeuza mto kitandani akitafuta upande wenye ubaridi.

Jumamosi niliondoka mapema kwa gari langu dogo. Kutoka Haltom City mpaka Katy, pembeni ya Houston, ni mwendo mrefu wa barabara kuu, malori kushoto, malori kulia, na mimi mwenyewe ni mtu wa malori, kwa hiyo hakuna cha kutazama. Ila nikiona mwewe ametua juu ya waya wa umeme, mguu unalegea kwenye mafuta bila mimi kuuambia. Namtazama mkia, namtazama kifua. Kisha nakumbuka kwamba hakuna mtu wa kumwambia nimeona nini, naongeza mwendo. Tabia hiyo niliipata mwaka ule mmoja nilioishi kwa Mzee Haji, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nikifanya kazi katika hifadhi ya ndege kwenye kinamasi cha pwani, mashariki ya Houston, mahali ambapo nchi inaisha taratibu bila kusema inaisha, majani, kisha matope, kisha maji, kisha Ghuba.

Kazi yenyewe haikuwa ya ndege. Nilikuwa wa kufyeka. Kulikuwa na matuta marefu ya udongo yanayogawa mabwawa, na juu ya matuta kuna njia, na njia ikiachwa wiki mbili matete yanaimeza. Asubuhi nilipewa mashine na ndoo ya maji ya kunywa, msimamizi ananionyesha kwa kidole tuta la siku hiyo, anaondoka na gari lake, na mpaka saa kumi jioni sisikii sauti ya mwanadamu. Mamba wa kule, wafupi wa pua, walilala kingoni kama matairi yaliyotupwa. Mbu walikuwa wengi kiasi kwamba niliacha kuwafukuza. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, cha kujibu maswali ya mtihani, na wenzangu wachache niliokutana nao kwenye kibanda cha vifaa walizungumza haraka na kucheka haraka. Nikawa nacheka baada yao, nikichelewa kidogo kila mara, mpaka nikaona ni heri nile chakula changu huko huko kwenye tuta.

Ndipo nikaanza kuwatazama ndege, kwa sababu walikuwepo. Kulikuwa na yangeyange weupe wanaosimama kwenye maji kama watu waliosahau walikuwa wakienda wapi. Kulikuwa na domomwiko wa rangi ya waridi, wanaotikisa midomo yao ndani ya tope, kulia, kushoto, kulia, kama mama anayekoroga uji. Mwari walipita kwa mstari juu ya maji, wazito, wasio na haraka. Mwanamke mmoja mzee aitwaye Lorraine, aliyestaafu udereva wa mabasi ya shule, alikuwa anakuja siku za Jumamosi kujitolea, akitembea na fimbo, na darubini mbili shingoni. Alinikuta nimezima mashine namwangalia ndege mdogo wa miguu ya njano akikimbia kwenye tope. Akanivisha darubini moja bila kuniuliza jina langu. "Umeona nini?" akaniuliza baada ya muda. Nikataja jina nililolisoma kwenye kibao cha wageni. Akatikisa kichwa. Hakutaka jina. Alitaka kujua mdomo ni mrefu kuliko kichwa au mfupi, unapinda au haupindi, mguu rangi gani, akiruka mgongo unaonyesha nini. Nikisema sikuona vizuri, alifurahi kuliko nikibahatisha. Nilipobahatisha, hakunigombeza, alinyamaza tu, na katika mahali pale penye kimya kingi, kimya chake ndicho nilichokiogopa.

Jioni nilirudi kusini-magharibi ya Houston, katika nyumba ya kupanga ya ghorofa ya pili, kwa Bi Salma na mumewe Mzee Haji, watu wa Unguja. Hawakuwa ndugu zangu. Walinipokea kwa sababu mtu fulani msikitini alisema kuna kijana wa Tanga analala ndani ya gari lake, na Bi Salma akasema hilo haliwezekani huku wao wana chumba. Chumba kilikuwa cha Nassor, mtoto wao wa pekee. Picha za wachezaji wa mpira wa kikapu zilikuwa bado ukutani, viatu vyake virefu vilikuwa chini ya kitanda, na mimi nilivisogeza nikifagia, kisha nikavirudisha palepale. Nassor alikuwa ameacha chuo mwaka wa mwisho, akaenda Dallas kufanya kazi ghalani, na baba yake alizipata habari hizo kutoka kwa watu, mlangoni mwa msikiti, huku yeye akiwa ndiyo kwanza anamsifia mwanawe. Tangu siku ile hawakuzungumza. Nassor alimpigia mama yake simu wakati anaojua baba yake yuko kwenye sala, na ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba. "Umekula nini?" nilimsikia Bi Salma akiuliza. "Hicho si chakula, mwanangu, hicho ni karatasi." Kisha kimya. Kisha, "Atapoa. Si wamjua baba yako." Kisha mlango wa mbele ukifunguka, na sauti yake ikibadilika, "Haya Mwanahamisi, nitakupigia baadaye."

Chakula kilikuwa saa mbili, mezani, watatu. Bi Salma alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea, akirudi miguu imemvimba, na bado alipika, samaki wa kukaanga, wali wa nazi, mchuzi wa mbaazi, na kachumbari yenye pilipili ya kunifanya nifute macho. Mzee Haji aliendesha teksi ya uwanja wa ndege mpaka mtoto wa jicho alipoanza kumfunika, akaiacha mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Kila jioni, tonge la kwanza likishashuka, aliniuliza, "Haya Mtanga, leo umeona nini huko porini?" Nami nilimweleza. Nilimweleza kama Lorraine alivyonizoesha, mdomo, mguu, mgongo. Wakati mwingine alinitega. "Na yule mwekundu wa jana, umemuona tena?" "Hapana Mzee, leo sikumuona." "Ungesema umemuona tu, nani angejua?" Bi Salma alidakia kutoka jikoni, "Mwacheni mtoto wa watu ale. Hebu nambie, nchi gani hii mtu analipwa kuhesabu vidole vya bata?" Tulicheka, na kwa muda wa chakula sikuwa mgeni. Lakini baadaye, taa zikizimwa, nililala chini ya picha za wachezaji nisiowajua, kwenye godoro lenye shimo la mwili wa mtu mwingine, nikajua kwamba kiti nilichokalia mezani kina mwenyewe.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia wakati wa vuli, wakati bata bukini wanashuka kutoka kaskazini. Kinamasi kilibadilika katika wiki mbili. Asubuhi nilifika nikakuta mabwawa yamejaa weupe, na kelele ambayo haikuwa na mwanzo wala mwisho. Nyumbani nako mambo yalianza kuchangamka. Nassor alikuwa amemwambia mama yake kwamba anakuja Idd. Amepewa ruhusa ya siku moja kazini, siku ambayo msikiti mkubwa wa mjini ulikuwa umekwisha itangaza kuwa ndiyo Idd. Bi Salma aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini, akikanda unga wa kaimati. "Siku ya Idd, baada ya sala, mtoto akimshika baba yake mkono akambusu akaomba radhi, baba hawezi kuuvuta ule mkono. Hata awe nani. Haji hawezi." Hilo ndilo alilokuwa akilingoja, si biriani, si nguo. Tatizo lilikuwa Mzee Haji mwenyewe. Yeye hakufuata tangazo. "Mimi nimefunga kwa mwezi nitafungua kwa mwezi," alisema. "Hao wanaotangaza wamekaa ofisini na taa zimewaka. Mwezi uonekane kwa macho, na uonekane hapa nilipo." Na mwezi wa kufungua, alitukumbusha, hautoshelezwi na shahidi mmoja kama ule wa kufunga. Mashahidi wawili, waaminifu. Usipoonekana jioni ya ishirini na tisa, tunakamilisha thelathini, Idd inakuwa kesho kutwa, na kesho kutwa Nassor yuko ghalani Dallas.

Katikati ya Houston huwezi kuona mwezi mchanga, maghorofa na taa zimekula anga. Bi Salma ndiye aliyelifikiria. "Athumani, huko kwenu kwa bata, si kuna mnara?" Kulikuwa na jukwaa la mbao la kutazamia ndege, ngazi moja tu kwenda juu, na upande wa magharibi ni majani matupu mpaka macho yachoke. Nilimwomba msimamizi, akaniachia ufunguo wa geti.

Nassor alifika alasiri ya ishirini na tisa, mrefu, macho mekundu kwa safari. Baba yake aliitikia salamu yake vizuri kabisa, kisha akainama kufunga kamba za viatu, na alizifunga kwa muda mrefu sana. Tukaenda na magari mawili. Mama alipanda na mwanawe, Mzee akapanda na mimi. Tulipita viwanda vya mafuta vyenye moshi, tukapita daraja, na yeye hakusema kitu mpaka tulipoingia barabara ya vumbi. "Amekonda," akasema. "Nani, Mzee?" "Nani mwengine?"

Tulipanda juu na chupa ya uji, tende, sambusa ndani ya bakuli lililofungwa kwa kanga. Bi Salma alipiga mbu mkononi kwake akasema ndege wa huku wana haki ya kunenepa. Mzee aliniambia niitumie darubini kutafutia tu, ushahidi utakuwa wa macho. Jua likashuka jekundu ndani ya ukungu wa viwanda, likabonyea, likaingia. Mzee akaadhini, sauti yake ikapita juu ya mabwawa, na mbali kidogo kundi la bata bukini likanyanyuka kana kwamba limeitwa. Tukafungua kwa tende tukiwa tumesimama, tumegeukia magharibi, sote wanne, hakuna anayetafuna kwa sauti.

Kutafuta mwezi mchanga si kama kutafuta ndege. Ndege akisogea anajisaliti. Mwezi unakaa pale pale kama hautaki kuonwa, na anga inabadilika rangi mbele yake, na ukikaza jicho sana unaanza kuchora mwenyewe. Nilitazama kipande kwa kipande, kama Lorraine alivyonionyesha kupekua ukingo wa matete. Bi Salma alinyoosha kidole, "Ule pale," lakini ulikuwa moshi wa ndege ya abiria. Kisha nikaona kitu. Chembamba, cheupe, kimepinda, juu kidogo ya mstari wa majani, kimeshika mwanga. Kisha kikapiga bawa. Alikuwa yangeyange anakwenda kulala.

"Nimeuona," Nassor akasema.

Mzee hakugeuka. "Wapi?"

"Pale, kushoto kwa ule mti mkavu. Umeingia kwenye ukungu sasa hivi. Lakini nimeuona, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitamka neno baba. Nilifikiri hata bata walinyamaza, ingawa najua hawakunyamaza, walikuwa wakishuka mbele yetu kwa maelfu, wakipiga kelele. Mzee alisimama ameshika ukingo wa jukwaa kwa mikono miwili. Macho yake yaliyofunikwa hayakuwa na kazi ya kufanya. "Mmoja huyo," akasema. "Na wewe, Athumani?"

"Athumani macho yake mazuri," Bi Salma akasema haraka. "Anaona mdomo wa ndege ng'ambo ya bwawa, kila siku anatwambia." Alinitazama, na sijawahi kuombwa kitu na mtu kama nilivyoombwa na uso ule. Nassor naye alinitazama. "Kaka, si tulikuwa tunaangalia pamoja? Si umeuona?" Hakukuwa na ubaya sautini mwake. Alikuwa mtu amesimama mlangoni kwao anaomba afunguliwe, na ufunguo ninao mimi, ninayelala kitandani kwake.

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini sikusema ndiyo. Sikuwa mcha Mungu kuwashinda. Nadhani ni kwamba ile ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo katika nyumba ile. Walikuwa na mtoto tayari. Kilichonipa nafasi mezani ni kwamba nikisema nimeona, nimeona, na Mzee alikuwa ameacha kutumia macho yake akitumia yangu. Sikusema hakuna mwezi. Nilisema, "Mimi sikuuona, Mzee."

Aliuachia ukingo wa jukwaa. "Basi tunakamilisha," akasema.

Nassor alicheka kidogo kwa pumzi, bila furaha. Alimshika mama yake mkono akamshusha ngazi taratibu, akambusu kwenye paji la uso kando ya gari, na akasema atawahi barabara ya Dallas kabla usingizi haujamkamata. Kwa baba yake alisema, "Haya, kwa heri." Mzee aliitikia kwa kichwa, akiwa ameelekea upande ambao sauti imetoka, lakini Nassor alikuwa amekwisha zunguka upande wa pili wa gari.

Tulifunga siku ya thelathini. Kesho yake tulisali Idd sebuleni kwa jirani, watu wachache waliongoja mwezi kama sisi, na baada ya sala Mzee Haji akanipa mkono. Niliubusu nikaomba radhi, kwa kuwa ndiyo desturi, na mkono wake ulikaa mkononi mwangu kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima. Nilijua muda huo si wangu. Bi Salma alipakua biriani, akaweka sahani tatu, hakukaa. Aliingia chumbani kwangu, chumbani kwa Nassor, nikamsikia amesimama humo bila kufanya chochote. Wiki nzima hakunitania. Mzee bado aliuliza nimeona nini, nami nilijibu, bata bukini, na tena bata bukini. Kabla baridi haijaisha nikasema nimepata kazi Fort Worth. Sikuwa nimepata. Bi Salma alinifungia sambusa katika mikebe ya siagi, akasema, "Safari njema, mwanangu," na mimi nililipima neno lile mwanangu njia nzima, nikaliona jepesi. Lorraine nilimwachia darubini yake kwenye kibanda cha vifaa. Sikumuaga.

Nyumba ya Nassor Katy ni kubwa, ya matofali, kwenye mtaa ambao nyumba zote zinafanana. Wanaume tulikaa kwenye mikeka ndani ya gereji, tukigawana juzuu, na watoto walipita wakiambiwa na bibi zao kwa Kiswahili wavue viatu, wakijibu kwa Kiingereza kwamba wamevua. Nassor amenenepa, ndevu zina mvi, alimaliza chuo ukubwani na sasa ni mtu wa duka la dawa. Tulipomaliza kusoma alinivuta kando, karibu na makopo ya rangi.

"Ile jioni sikuona kitu," akaniambia, kana kwamba tuliachana juzi.

"Nilidhani labda uliuona. Ukungu ulikuwa mwingi."

"Sikuona kitu, bro. Nilitaka kwenda home tu." Alitabasamu. "Na Mzee alijua pale pale. Mwaka wa pili yake akapanda basi mwenyewe mpaka Dallas, hata haoni namba za milango. Mi nafungua mlango, huyu hapa na kibegi. Akasali Idd msikiti wangu, kwa tangazo. Nikambusu mkono. Mwezi hakuutaja, na mimi sikuuliza."

"Mwaka wa pili tu?"

"Mwaka wa pili tu. Alikuwa anakuulizia wewe. Namba yako ilikuwa haipatikani kila wakati, hii mpya nimeipata juzi tu msikitini."

Kisha akasema mama anataka kunisalimia. Bi Salma yuko eda, kwa hiyo nilisimama ukumbini, mlango wa chumba ukiwa wazi kidogo tu, na pazia limeshushwa. Ilikuja harufu ya udi.

"Athumani? Ndo wewe?"

"Ndimi, mama. Pole sana."

"Tumeshapoa. Sauti imekuwa nzito. Umenenepa?"

"Kidogo."

"Kidogo ya kweli au ya wanaume?" Nikasikia wanawake wakicheka ndani. Kisha akauliza, "Mbona ulipotea namna ile?"

Nikamwambia. Nilisema nilidhani amenikasirikia, tangu Idd ile, kwa ajili ya mwezi.

"Mwezi upi?" Ikabidi nimweleze, kinamasi, jukwaa, mashahidi. Akakumbuka taratibu. "Khaa. Mimi nilikuwa namlilia mwanangu, baba. Wewe ulikuwepo mezani, nikulilie nini? Godoro lako lilikaa pale mpaka tulipohama. Haji kila Idd anasema Mtanga huenda akaja, nami naweka sahani." Alipumua. "Na siku zote hizo, Idd ulikuwa unakula kwa nani?"

Nilizifikiria Idd zangu, ndani ya lori, kwenye vituo vya mafuta, mkate na dagaa wa kopo, redio imezimwa.

"Kwa jamaa, mama," nikasema. "Fort Worth tuko wengi. Hawaniachi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Salma, na nikamsikia nyuma ya pazia akimwambia mwanamke aliyekaa naye, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, "Huyu akisema, jua ndivyo. Huyu hasemi asichokiona."